Mburuzo, Lehemu na Nyuzi Joto

Ipo hoja niliyokutana nayo mara nyingi katika mabaraza ya washairi na katika vyumba vya walimu, nayo ni kwamba kila lugha ina mipaka ya hali ya hewa yake. Kiswahili, wasema wenye hoja hiyo, kilizaliwa penye minazi na pepo za kusi na kaskazi. Basi kisidaiwe habari za barafu. Anayetaka kusimulia safari za Ncha ya Kusini na atumie Kiingereza au Kinorwe, lugha zilizokwisha kuumwa na baridi. Ushahidi wao ni mfupi: theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, barafu lina asili ya Kiajemi, na sakitu limelala kamusini, halitembelewi na mtu.

Nami naandika kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mahali pasipo na mnazi wala bahari, sembuse theluji. Hapa Kiswahili chenyewe ni mgeni aliyepokelewa vizuri. Nyumbani wengi wetu tunaamkiana kwa Kisukuma. Kwa hiyo sina haki ya kudai kwamba lugha hii ni ya pwani peke yake, na wala sikubali kwamba inaishia pale linapoishia joto. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Habari ya safari ya barafuni, kwa sehemu yake kubwa, ni habari ya matayarisho: mzigo kupimwa, mafuta kufungwa, kamba kukaguliwa, injini kusikilizwa. Na lugha ya matayarisho Kiswahili kinayo, tena kimeirithi katika mifupa yake, kwa kuwa ni misafara iliyokileta bara.

Tukumbuke jambo hilo kabla ya kwenda mbali. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine kati ya nchi zetu hizi na Bagamoyo. Katika njia hizo yalikomaa maneno ambayo hata leo hayajafa: msafara, mpagazi, kambi, posho, hongo, kirangozi. Wageni wa Ulaya waliosafiri nao waliandika katika vitabu vyao neno jingine, tirikeza, yaani mwendo unaoanza baada ya adhuhuri, watu wakalala njiani pasipo na maji, wakayafikia maji kesho yake. Ni nadra kulisikia neno hilo siku hizi. Nitalirudia, kwa sababu nililihitaji mahali nisipotarajia.

Chanzo cha yote haya ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Ni kijana mwenye mikono yenye akili. Pikipiki ikikohoa barabarani yeye husema kasoro iko wapi kabla haijasimama. Lakini sayansi darasani hufundishwa kwa Kiingereza, kama sheria ya masomo ya sekondari ilivyo, na huko kijana huyu huonekana mzito. Siku moja alikuja na swali la fizikia kuhusu joto na kuganda. Alikuwa amelikariri jibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama mtu anavyokariri namba ya simu ya mtu asiyemjua. Nilipomwambia anieleze maana yake alinyamaza. Kisha akasema, kwa utulivu ulionitisha, kwamba anafikiri kuacha shule aende gereji, kwa kuwa huko anaelewa.

Sikumhubiria. Nilimwambia aje Jumamosi, nitamsimulia habari za watu waliokwenda na matrekta hadi Ncha ya Kusini. Alicheka, akidhani ni fumbo.

Si fumbo. Mwaka 1957 na 1958 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na mataifa mengi yalipeleka watafiti Antaktika. Miongoni mwa misafara ya wakati huo ulikuwapo wa nchi za Jumuiya ya Madola, ukiongozwa na Vivian Fuchs, uliokusudia kulivuka bara lile zima kutoka pwani hadi pwani, ukipima njiani unene wa barafu. Edmund Hillary, yule yule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alipewa kazi ya kuanzia upande wa pili na kuweka akiba za chakula na mafuta ambazo Fuchs angezikuta. Fuchs alikuwa na magari maalumu ya theluji. Hillary alikuwa na matrekta ya shambani aina ya Ferguson, madogo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukokota plau. Jina hilo baadaye liliungana na la Massey likawa Massey Ferguson, na hapo mpwa wangu aliacha kucheka. Hakuna mtoto wa mkulima wa pamba katika Simiyu asiyelijua jina hilo.

Matrekta yale yalifungwa cheni kama za katapila badala ya kutegemea tairi tupu. Yaliwekewa vyuma vya kumkinga dereva yakipinduka, na turubai za kuzuia upepo. Yakafungwa kamba moja kwa jingine, ili moja likitumbukia mengine yalishike. Yalitoka Scott Base katikati ya Oktoba 1957, yakaenda takriban kilomita 2,000, na tarehe 4 Januari 1958 matatu kati yake yakafika Ncha ya Kusini, mafuta yakiwa yamebaki kidogo tu. Yalikuwa magari ya kwanza kufika huko kwa njia ya ardhini. Fuchs alifika siku 15 baadaye, akaendelea, na tarehe 2 Machi akakamilisha kulivuka bara lile kwa siku 99.

“Mjomba,” kijana akaniuliza, “nani aliyatengeneza yasizimike?”

Swali hilo ndilo lililonitoa kitini. Nilikuwa na kitabu, na nilikuwa na kamusi, lakini nilijua kwamba jibu lake kwa Kiswahili halimo katika kimojawapo. Tulikwenda kwa fundi.

Fundi huyu ana uwanja wake pembeni mwa mji, chini ya mti, na kazi yake kubwa ni malori ya pamba. Kila mwaka, kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa, malori huletwa kwake yakafanyiwe ukaguzi, maana gari likianza kubeba pamba kutoka vituo vya vijijini kwenda viwanda vya kuchambulia halipati tena siku ya kupumzika. Baada ya kuamkiana “mwangaluka” nilimweleza shida yangu: nataka kuiandika kwa Kiswahili orodha ya mambo yanayotakiwa kutengenezwa kwenye gari kabla ya kulipeleka penye baridi ambayo haijawahi kuonekana hapa. Alifuta mikono kwa kitambaa, akakaa juu ya tairi kuukuu. “Haya, mwalimu,” akasema, “tuanze na maji.”

Wala sikumwelekeza. Alisema maji ya rejeta yakiganda yatapasua bloku ya injini, kwa sababu ameona chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza ilivyopasuka. Hivyo maji matupu hayafai. Yatiwe dawa ya kuzuia kuganda. Kisha akaja kwenye mafuta. Nilimwambia kwamba ndani ya dizeli imo nta, na baridi ikizidi nta hiyo hujitenga. Akadakia: “Basi itaziba filta.” Ndivyo inavyokuwa hasa. Oili ya injini huwa nzito, kwa hiyo stata huzungusha kwa taabu. Betri nayo, ambayo kazi yake hutegemea kemikali, hupungukiwa nguvu wakati ule ule inapohitajika zaidi. Mpira hukakamaa ukapasuka. Kila kimoja fundi alikieleza kwa neno lililokuwa tayari mdomoni: kuganda, kukakamaa, kuziba, kulegea, kuchoka, kugoma. Nilikuwa nikiandika upesi, na mpwa wangu alikuwa akitabiri sentensi inayofuata kabla fundi hajaitamka.

Hapo ndipo nililitazama upya neno kuganda. Maji huganda, damu huganda, mafuta ya ng'ombe huganda asubuhi ya kipupwe, na maziwa huitwa mgando. Mtaalamu atalalamika kwamba neno moja limebebeshwa mizigo mingi, kwa kuwa maji kugeuka barafu na maziwa kugeuka mtindi si mambo ya asili moja. Ni kweli. Lakini mkanganyiko huo hutatuliwa kwa kuongeza neno la pili, kama mafundi wafanyavyo: maji “yameganda yakawa barafu”, dizeli “imeganda nta”, oili “imekuwa nzito”. Lugha ya gereji tayari ina upambanuzi ambao kamusi bado haijaufikia.

Jingine liliibuka kwenye kipimo. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa na kipimajoto cha ardhini ilirekodiwa katika kituo cha Vostok, Antaktika, tarehe 21 Julai 1983: nyuzi joto 89.2 chini ya sifuri, kwa kipimo cha Selsiasi. Mpwa wangu aliisoma sentensi hiyo katika daftari langu akatikisa kichwa. “Kama ni baridi, mbona tunaandika nyuzi joto?”

Nimelisikia swali hilo likiulizwa kwa kejeli, kana kwamba Kiswahili kimejikwaa. Nilimwomba alijibu mwenyewe kwa kutumia aliyoyasoma darasani. Alifikiri kitambo, akisugua spana kwa kidole. Kisha akasema kwamba labda baridi si kitu. Kilichopo ni joto tu, na baridi ni jina la joto lililopungua. Kwa hiyo hata huko Vostok bado joto lipo, ila ni dogo mno. Wapenzi wa lugha, hilo ndilo jibu la fizikia, na mlango wa kulifikia ulikuwa neno ambalo watu hulicheka. Kijana ambaye siku tatu nyuma hakuweza kueleza jibu alilolikariri, alilifikia jibu gumu zaidi kwa kuihoji lugha anayoiota usiku.

Baada ya hapo niliwasimulia wote wawili habari ya zamani zaidi, ya mwaka 1911, Roald Amundsen wa Norwe na Robert Falcon Scott wa Uingereza walipokuwa wakielekea ncha ile ile. Scott alikwenda na vyombo vitatu vya kuburuzwa kwa injini, vilivyokuwa vya kisasa mno kwa wakati wake. Kimoja kilizama baharini kilipokuwa kikishushwa kutoka melini, barafu ikavunjika chini yake. Viwili vilivyosalia vilianza safari mwishoni mwa Oktoba 1911, na baada ya siku chache injini zake zikafa. Amundsen alitegemea mbwa, na majira yote ya giza la kipupwe cha huko watu wake walikaa karakana wakirekebisha vifaa. Seremala wake, Olav Bjaaland, aliyachonga upya magari ya mbwa mpaka yakawa mepesi sana. Amundsen alifika tarehe 14 Desemba 1911. Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, akakuta bendera ya mwenzake.

Fundi hakupendezwa na mbio hizo. Alitaka kujua mafuta yalibebwaje. Nikamwambia kwamba wote wawili walibeba mafuta ya taa kwa ajili ya majiko, na kwamba makopo ya Scott yalizibwa kwa vizibo vyenye vipande vya ngozi, ambavyo katika baridi havikubana sawasawa. Walipokuwa wakirudi walikuta akiba zao zimepungua. Amundsen alijua tabia hiyo ya makopo tangu safari zake za awali, akaagiza makopo yake yafungwe kwa lehemu.

“Lehemu,” fundi akasema, akarudia, “lehemu tu.” Akanyamaza.

Mtu anaweza kudhani mafuta ya taa huko ni ya kujipasha moto peke yake. Hapana. Katikati ya barafu isiyo na mwisho hakuna maji ya kunywa. Theluji haina budi kuyeyushwa, na bila mafuta hakuna kuyeyusha. Mtu huweza kufa kiu juu ya maji mengi kuliko yote matamu duniani. Na hapa ndipo nililihitaji lile neno la wazee wetu wa misafara. Jinsi nyingine ya kuueleza mwendo wa watu waliochoka, wakitoka kambi hii kuiwahi akiba ile, wakilala njiani bila maji ya kutosha, nisingeipata. Nikaandika: tirikeza. Scott na wenzake wawili wa mwisho walifia hemani mwishoni mwa Machi 1912, takriban kilomita 20 kabla ya akiba kubwa. Sababu zilikuwa nyingi, chakula, ugonjwa na hali ya hewa zikiwamo. Lakini mafuta yaliyopotea kwenye makopo yamo ndani ya hesabu hiyo, na neno lehemu, lenye asili ya Kiarabu na maskani yake katika kila karakana ya Afrika Mashariki, lilitosha kulibeba tukio hilo pasipo msaada wa lugha nyingine.

Tulikwama mahali pamoja tu, kwenye chombo chenyewe. Gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji, tuliite nani? Wapo waandikao sleji, na sina ugomvi nao. Lakini mpwa wangu aliuliza kama si sawa na kile chombo cha babu. Naam. Huku kwetu, kabla ya tela la magurudumu kuenea, na hata sasa kwa asiye na tela, mkulima hukata tawi lenye panda, umbo lake kama herufi V, akaliweka plau juu, akalifunga kwa maksai, nao wakaliburuza hadi shambani. Hakina gurudumu, hakina msumari wa lazima, na matopeni hupita mahali ambapo gurudumu huzama. Msingi wake ndio ule ule wa chombo cha Amundsen: kuusambaza uzito juu ya eneo kubwa ili kisididimie. Kwa kuwa kitenzi tunacho, buruza, nilipendekeza mburuzo. Fundi alilipima neno hilo mdomoni kama mtu aonjaye chumvi. Akasema linakaa. Hivyo katika daftari letu kuna mburuzo wa mbwa, mburuzo wa injini, na mburuzo wa ng'ombe.

Nyufa nazo hazikutusumbua. Mwenye kuijua mbuga ya Simiyu, yaani udongo ule mweusi wenye mfinyanzi, anajua kwamba masika hung'ang'ania tairi mpaka lori lisimame, na kiangazi hupasuka nyufa za kuvunja mguu wa ndama. Barafu ya Antaktika nayo ina nyufa, ila zake huweza kumeza trekta zima, na hatari yake kubwa ni kwamba theluji huzifunika kwa daraja jembamba lisiloonekana. Ndiyo maana ya ile kamba kati ya matrekta ya Hillary. “Ufa uliofunikwa”, tukaandika. Maneno mawili, na kila mtu uwanjani alielewa, hata utingo aliyekuwa akisikiliza kutoka chini ya lori.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba nimeonyesha Kiswahili kinaweza kusimulia safari za watu wengine. Basi na tuje nyumbani. Barafu tunayo. Mwanzoni mwa mwaka 2000 msafara wa watafiti ukiongozwa na Lonnie Thompson, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ulipanda Kilimanjaro na mitambo ya kutoboa barafu. Hakuna gari lifikalo huko juu. Gari lilikuwa mgongo wa mpagazi. Vyuma, mahema, majiko na vyakula vilipanda kwa mabega ya Watanzania, na barafu iliyochimbwa, katika nguzo sita, ilishuka kwa mabega hayo hayo, ikalindwa isiyeyuke njia nzima, mpaka Columbus, Ohio. Huko ilihifadhiwa katika kituo cha utafiti wa ncha za dunia kilichopewa jina la Richard Byrd, mpelelezi wa Antaktika. Barafu ya mlima wetu inakaa rafu moja na barafu za mbali, ikisomwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu ndani yake mna kumbukumbu za mvua na ukame wa maelfu ya miaka ya nchi hizi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Yalisema kwamba eneo la barafu la Kilimanjaro, lililokuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, lilikuwa limebaki kilomita za mraba 2.6 mwaka 2000. Tazameni miaka hiyo: 1912 ndio mwaka Scott aliofia hemani, barafu ya Antaktika ikionekana haina mwisho, na mwaka huo huo barafu yetu ilianza kuhesabiwa, nasi hatukuwa na habari.

Nguzo zile za barafu huitwaje kwa Kiswahili? Nilikuwa nikiandika “nguzo” bila kuridhika, maana nguzo husimama, ikashikilia dari. Mpwa wangu alitoa jibu pasipo kuinua kichwa kutoka kwenye kabureta: “Si ni mche, mjomba? Kama mche wa sabuni.” Mche wa barafu. Mrefu, mgumu, hukatwa vipande, na kila kipande hutumika kwa kazi yake. Nimelitafuta neno bora zaidi ya hilo kwa majuma kadhaa sasa, sijalipata.

Kinachoniuma ni hiki. Wapagazi walioubeba msafara ule walizungumza Kiswahili kutwa kucha. Walijua uzito wa kila chuma, walijua ni mzigo upi haufai kutikiswa na ni upi haufai kuachwa juani. Maarifa hayo yalitamkwa kwa lugha yetu, mlimani petu, kuhusu barafu yetu. Lakini mwanafunzi wa Kitanzania akitaka kusoma habari za msafara ule atazikuta kwa Kiingereza. Barafu ikiisha, watabaki na neno theluji katika mashairi ya mapenzi, likimaanisha weupe wa meno ya mpenzi, na hawatakuwa na ukurasa mmoja unaoeleza namna ilivyochimbwa, ilivyobebwa na ilivyosomwa. Hapo ndipo hoja ya “mipaka ya hali ya hewa” inapogeuka kuwa kweli, kwa kuwa tutakuwa tumeitekeleza sisi wenyewe.

Na mpwa wangu? Ameandika kurasa mbili na nusu kwa Kiswahili, zenye kichwa “Kulitayarisha Gari kwa Safari ya Barafuni”. Ameeleza kuganda kwa maji, nta ya dizeli, uvivu wa betri, kazi ya lehemu, na sababu ya mburuzo kutozama. Nimezisoma kurasa hizo kama mwalimu wa lugha, na fundi amezisoma kama fundi. Yeye alisahihisha jambo moja, akasema mengine ni sawa, kwamba angeweza kumkabidhi mtu karatasi hiyo na gari lake. Sijawahi kuona mtihani ulio mgumu kuliko huo. Hata hivyo, upimaji wa kidato cha pili utakuja kwa Kiingereza, na kurasa hizi hazitampa alama hata moja. Yeye anajua hivyo. Kwa sasa hataji tena kuacha shule. Anazitafsiri kurasa zake mwenyewe kwenda Kiingereza, kutoka jambo analolielewa kwenda lugha asiyoijua, ambayo ni njia tofauti kabisa na ile ya kukariri. Kama itatosha, sijui. Najua tu kwamba daftari lake lina mafuta ya gereji ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa kuwa hili ni baraza la washairi, nimethubutu kutia ubeti mmoja, nao ni wa kwangu, mnaweza kuukosoa:

Safari pa kuchomoza, ni gereji, si bahari,
Fundi nati akikaza, akapima na tairi,
Tundu dogo kupuuza, humeza roho hodari,
Barafu haina giza, kwa aliyejihadhari.

Nawaachieni na maneno matatu ambayo daftari letu bado halina majibu yake ya kuridhisha. La kwanza ni jeraha la baridi, pale kidole kinapokufa ganzi, kikageuka cheusi na kukatika. “Kuumwa na baridi” ni dogo mno kwa msiba huo. La pili ni upofu wa muda unaoletwa na mwanga mkali wa jua unaorudishwa na theluji machoni. La tatu ni ule upepo unaoifanya baridi ya kipimo kimoja ihisiwe kana kwamba ni ya kipimo kingine kikali zaidi. Mwenye neno na alilete. Naomba sharti moja tu: kabla ya kulileta hapa, ulitamke kwanza mbele ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake, mpagazi, muuguzi, dereva au seremala. Akilirudia kinywani bila kuuliza maana, tutaliandika.